Bei ya Nyumba ya Bibi Mwasiti

Paukwa!
Pakawa!
Leo sina ya sungura, nina ya nyumba!
Tupe hiyo ya nyumba!

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi yangu alizisikia tu, palikuwa na kijiji kando ya mto. Mto ule ulikaa miaka umetulia, watu wakichota, watoto wakioga. Kisha masika moja, bubuu! bubuu! Unaingia majumbani bila hodi.

Huko aliishi Bibi Mwasiti, mjane. Miguu ilianza kumgomea, akaamua kuuza nyumba ahamie kilimani kwa binti yake. Lakini hakutaka kwenda mikono mitupu, awe mzigo kwa mkwewe. Alitaka mbuzi watano, anywe maziwa yake mwenyewe.

Ukutani palikuwa na mstari wa mafuriko ya mwisho. Jirani yake Ndembo, ambaye naye alitaka kuuza nyumba, akaja na udongo mpya. Paa! Paa! Paa! Akakandika, mstari ukapotea.

"Sasa, bibi, wewe nyamaza tu. Ukipata watano, na mimi nitapata wangu."

Bibi akautazama ukuta. Ulipendeza, na ulimchoma moyo.

Kesho yake akaja Pazi, mfinyanzi, na mkewe amebeba mtoto mgongoni. Pazi alitaka kukaa karibu na udongo wa mto. Akapapasa ukuta, akatabasamu.

"Nyumba nzuri, bibi. Mbuzi watano ninao. Ndio hao hao, sina wengine."

Ndembo akakohoa. Kho! Kho!

Bibi akamtazama yule mtoto. Akaweka mkono kifuani pake mwenyewe, kuonyesha kipimo.

"Mjukuu wangu, maji hufika hapa. Si kila mwaka. Ila yakija, hufika hapa."

Pazi akanywea. "Sasa bibi, nikupe watano kwa lipi?"

"Usinipe watano. Nipe wawili. Hao watatu kawabadilishe kwa magogo, ujenge dungu."

Dungu, wanangu, ni kibanda juu ya nguzo ndefu. Maji yanapita chini, watu wanakaa juu.

Ndembo akawaka. "Umetuharibia bei sote! Mbuzi watatu umewatupa hivi hivi! Nani atanunua kwangu sasa?"

Na kweli, hakuna aliyenunua. Kijiji kizima kikamnunia bibi. Akapanda kilimani na mbuzi wake wawili, hakuna aliyemsindikiza. Sitawaficha, alilia njia nzima.

Masika yakaja, mto ukatulia. Watu wakamcheka Pazi kwenye dungu lake jipya. "Hamjambo huko juu, kuku?" Masika mengine yakaja, mto ukatulia. Wakacheka tena.

Masika yaliyofuata, asubuhi peupe, bubuu! bubuu! Mitungi ikaelea. Vinu vikaelea. Ndembo akawabeba wajukuu zake wawili, maji kiunoni. Akapiga hatua, maji kifuani. Kilima kiko mbali.

"Pazi! Pazi wee!"

Pazi akainama kutoka kwenye dungu, akanyoosha mikono. Mtoto wa kwanza, hop! Wa pili, hop! Na Ndembo mwenyewe akavutwa, anatweta. Dungu likalia ng'wii, ng'wii. Likasimama.

Maji yalipopungua, Bibi Mwasiti akateremka na mkongojo wake kuwajulia hali. Ndembo akamfuata kwenye matope.  

"Bibi, wale mbuzi niliosema umewatupa... wajukuu zangu walikaa juu yao."

"Wazima?"

"Wazima."

"Basi tutafute chungu, tuwapikie. Watoto wana njaa."

Wanangu, ukiuza nyumba, uza pamoja na habari zake. Bei itashuka, na itakuuma, nisiwadanganye. Lakini kile utakachompunguzia mnunuzi ndicho kitakachomwokoa, yeye na jirani zake.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliye karibu na mtungi anipe maji ninywe.