Kapu la Mzee Mbonea

Hapo zamani, tena si zamani ya mababu bali ya juzijuzi tu, kompyuta moja ilipanda milima ya Upare ikiwa imefungwa ndani ya blanketi. Ilibebwa kichwani na binti aitwaye Eliwaza. Nisikilizeni mpaka mwisho, kwa sababu mwishoni ninyi ndio mtakaosema, si mimi.

Eliwaza alikuwa akichapa barua za watu mjini. Mama yake alipoanza kuugua miguu, aliacha kazi akarudi kijijini kumtunza. Kompyuta akarudi nayo. Hakutaka ikae bure ikila vumbi, basi akaenda kwa wazee akawaambia, "Shikamooni. Njooni kila Alhamisi kwenye ghala la zamani la kahawa. Nitawafundisha kuandika kwa kompyuta. Sitaki chochote kwenu."

Wazee wakacheka. "Kwa vidole hivi vya jembe?"

"Kwa hivyo hivyo."

Alhamisi ya kwanza ghala lilijaa, watu walikuja kutazama. Alhamisi ya pili wakapungua. Alhamisi ya tatu wakabaki wawili tu, Mzee Mbonea na Bibi Namkunda.

Mzee Mbonea alikuwa mtunza zamu za maji. Kule milimani watu huyakusanya maji ya chemchemi kwenye bwawa, nao huliita ndiva. Bwawa likijaa hufunguliwa, na maji huteremka kwa mfereji mpaka mashambani. Kaya arobaini na mbili zilinywesha mashamba yao kwa ndiva hiyo moja, kila kaya na siku yake, kila siku na saa yake. Zamu hizo hazikuandikwa popote. Zilikuwa kichwani mwa Mzee Mbonea, kama zilivyokuwa kichwani mwa baba yake.

Alipokaa mbele ya kompyuta, alimwambia Eliwaza kwa sauti ya chini, "Mjukuu wangu, mimi nimeanza kusahau. Jana nimemwita mwanangu kwa jina la kaka yangu aliyekufa. Nataka niandike zamu zote kabla hazijanitoka."

"Tutaziandika, babu."

Akaandika. Alhamisi hii kaya tatu, Alhamisi ijayo kaya nne. Kwa kidole kimoja. Akikosea anaanza upya.

"Huyu panya wenu hana akili," alisema siku moja. "Namvuta kulia, anakwenda kushoto."

"Umemshika kichwa chini miguu juu," Bibi Namkunda akamjibu. "Tangu ujana wako huna mkono mwepesi."

"Wewe ulinijua ujana wangu?"

"Nani asiyekujua? Ulicheza ngoma kama mtu aliyekanyaga siafu."

Huyo ndiye Bibi Namkunda. Alikuwa akilea wajukuu wanne, na alitaka kujifunza ili awaandikie barua wazazi wao walioko mbali. Alikuwa mtu wa usafi. Nyumbani kwake hulali kabla takataka hazijatolewa nje, hata kama ni ganda moja la ndizi.

Sasa shikeni mambo mawili, kwa sababu ndiyo yaliyoleta shida yote.

La kwanza. Alhamisi ya pili, Mzee Mbonea hakuja. Alikuwa msibani. Siku hiyo Eliwaza alimfundisha Bibi Namkunda picha ndogo iliyo pembeni ya kioo. "Hili ni pipa la taka, bibi. Kitu usichokitaka unakivutia humu. Pipa likijaa, unabonyeza hapa, kisha hapa, mashine inauliza kwa Kiingereza kama una hakika, nawe unabonyeza jibu la kwanza. Vyote vinaondoka." Bibi akajaribu mara tatu, akaweza. Mzee Mbonea aliporudi wiki iliyofuata, hakuuliza amekosa nini. Eliwaza naye hakurudia somo.

La pili. Kwa watu wale, kijana hasimami nyuma ya mzee aliyeketi akamchungulia juu ya bega. Ni utovu wa adabu. Basi Eliwaza aliketi upande wa pili wa meza, akawa anafundisha kwa kueleza. Aliona nyuso za wanafunzi wake. Kioo hakukiona.

Mzee Mbonea alipomaliza kuandika siku yake ya kwanza, ile Alhamisi ya tatu, alitafuta mahali pa kuhifadhi kazi yake. Akaona pembeni picha ya kapu. Nyumbani kwake mbegu bora hukaa kapuni. Hati ya shamba hukaa kapuni. Shuka la mazishi ya mama yake lilikaa kapuni miaka kumi. Akalivuta faili lake, akaliweka kapuni.

"Umehifadhi, babu?" Eliwaza aliuliza kutoka upande wa pili wa meza.

"Nimehifadhi. Pazuri kabisa."

Alhamisi iliyofuata akalitoa kapuni, akaandika, akalirudisha. Na nyingine akalitoa, akaandika, akalirudisha. Wiki kumi na moja alilitoa, akaandika, akalirudisha, na kapu halikumwibia hata herufi.

Na kadiri alivyoandika, ndivyo alivyopumzika. Watu wakimuuliza zamu, alisema, "Subirini, iko kwenye mashine." Ule mzigo alioubeba tangu ujana aliutua chini. Hakuona tena sababu ya kuzikariri zamu asubuhi na jioni kama alivyofundishwa na baba yake.

Basi ikafika Alhamisi ya mwisho. Kesho yake, Ijumaa, wageni wa kata wangekuja kuona wazee wanavyoandika. Mzee Mbonea akaandika kaya ya arobaini na mbili, akaweka nukta, akaliweka faili kapuni, akaenda nyumbani akiimba. Eliwaza aliitwa mapema, mama yake alikuwa ameanguka jikoni. Akamwambia Bibi Namkunda, "Bibi, nisaidie kufunga. Kesho asubuhi nitakuja nitoe nakala ya kila kitu kwenye flashi."

"Nenda kwa mama yako, mwanangu. Nitaacha pasafi."

Akafagia ghala. Akafuta meza. Akafuta kioo kwa upindo wa kanga. Na alipokuwa akifuta kioo, akaliona pipa. Limejaa. Alikuwa ameliona limejaa wiki nyingi, akanyamaza, akidhani mwalimu atalimwaga. Lakini wageni wanakuja kesho! Wageni wakute takataka?

Akabonyeza hapa, kisha hapa. Mashine ikauliza. Akajibu kama alivyofundishwa. Pipa likawa tupu, naye akazima, akafunga mlango, akaondoka ameridhika.

Ijumaa Eliwaza alichelewa. Mama yake hakuweza kusimama, na alipofika ghalani wageni walikuwa wameshaketi. Mzee Mbonea alikuwa amevaa koti. Akaketi mbele ya kompyuta, akaenda moja kwa moja kwenye kapu lake.

Akatazama. Akasogeza uso karibu. Akatazama tena.

"Kapu lipo," akasema. "Vitu vyangu havimo."

"Kapu lipi, babu?" Eliwaza akazunguka meza. Kwa mara ya kwanza akasimama nyuma ya bega la mzee, akaona alikokuwa akionyesha kwa kidole. "Babu, hilo si kapu. Ni pipa la taka."

Bibi Namkunda akauliza polepole, "Lile... lilikuwa lako?"

Walitafuta siku hiyo, na Eliwaza akaipeleka kompyuta mjini kwa fundi. Fundi akatikisa kichwa. Mashine ilikuwa nzee, na vilivyofutika havikurudi.

Watu wakamwambia Mzee Mbonea, "Basi tutajie tu, tuandike upya." Akafumba macho, akataja. Kaya ya kwanza, siku na saa. Ya pili, siku na saa. Akafika ya kumi na tatu, akasimama. Akarudi mwanzo, akaja tena, akasimama palepale.

"Nilizitua," akasema. "Nilizitua, sasa hazinyanyuki."

Kaya nyingi zilizijua zamu zao zenyewe, na majirani wakazishuhudia. Wiki mbili zikapita, arobaini na moja zikakubaliana. Ikabaki moja. Ya Naelijwa.

Naelijwa alikuwa mjane. Zamu yake ilikuwa ya mama mkwe wake, naye mama mkwe alifariki mwaka uliopita. Yeye alikuwa akiambiwa tu na Mzee Mbonea kila mara, "Kesho ni yako, mwanangu, fungua." Siku za zamu hiyo zilibadilika kwa hesabu ambayo mzee peke yake aliijua. Sasa hapakuwa na shahidi. Siku aliyodhani ni yake, jirani wa kulia alisema ni yake yeye. Saa aliyoikumbuka, jirani wa kushoto alisema ni yake yeye. Na tangawizi ya Naelijwa, shamba lote alilokuwa nalo duniani, ilikuwa imeanza kukunja majani.

Akaenda kwenye baraza la ndiva, bila kupiga kelele. Akaweka jani moja la tangawizi mbele ya mwenyekiti, akasema, "Hili lina siku sita. Nane likijitahidi."

Sheria ya ndiva ilikuwa inajulikana. Aliyepoteza zamu ya mwenzake humpa yake, msimu mmoja mzima. Na zamu haigawanywi. Walishajaribu zamani. Maji ukiyakata mara tatu hayafiki popote, yanazama njiani kwenye udongo. Lazima atoe mmoja.

Mwenyekiti akawaita watatu. Kila mmoja akasimama.

Mzee Mbonea akasema, "Mimi sikufuta. Niliweka mali yangu kapuni, mahali mtu mwenye akili anapoweka mali. Wiki kumi na moja nililikuta faili. Nani kati yenu angeshuku? Ni kweli sikuuliza somo nililolikosa, lakini nilikuwa nazika ndugu. Mahindi yangu ndiyo yanayonilisha. Mimi ni mzee, mkinikatia maji sina pa kwenda kulima tena."

Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Lakini ulipewa kichwa ukitunze, ukakiacha!"

Mzee akamgeukia. "Ndiyo. Kilikuwa kinaniacha, nami nikatafuta msaada. Ungefanya nini wewe?"

Yule mtu akaketi.

Bibi Namkunda akasema, "Mimi nilifuta. Mkono ni huu. Lakini nilifuta nini? Nilimwaga pipa la taka, kama mwalimu alivyonifundisha, kwa njia aliyonifundisha, na mashine ilipouliza nikajibu alivyonifundisha. Mtu akiweka nguo ya harusi jalalani, mwenye fagio ana kosa gani?"

Mwenyekiti akamuuliza, "Bibi, uliliona pipa limejaa wiki nyingi. Hukuwahi kumwambia mtu?"

Bibi Namkunda akajibu, "Niliona aibu kumwambia mwalimu kwamba kwake kuchafu." Kisha akasema, "Nina wajukuu wanne. Maharage ndiyo chakula chao. Mkiniambia nitoe, nitatoa, lakini mtawaeleza ninyi."

Eliwaza akasimama. 

"Shikamooni wazee wangu. Mimi sikugusa faili, wala pipa. Nilikuja bila kuitwa, nikafundisha bila kulipwa. Sikusimama nyuma ya babu kwa sababu mlinilea nisisimame. Lakini nilimfundisha mmoja nikamwacha mwingine. Na nilisema kesho nitatoa nakala, wakati flashi ilikuwa mfukoni mwangu siku ileile. Ningetoa zamu yetu leo. Tatizo ni kwamba si yangu, ni ya mama. Yeye hakukaa kwenye darasa hata siku moja, na mboga za shamba lile ndizo zinazomweka hai."

Mwanamke mmoja akasema, "Tukimwadhibu huyu, nani atatufundisha tena?"

Mwingine akamjibu, "Tusipomwadhibu kwa sababu tunamhitaji, hiyo ni haki?"

Baraza likagawanyika. Wengine walisema mwenye kapu, wengine mwenye fagio, wengine mwenye somo. Walibishana mpaka wakachoka. Mwisho mwenyekiti akamgeukia Naelijwa.

"Mwanangu, sisi tumeshindwa. Aliyepotezewa ni wewe. Nenda kwenye njia panda ya mfereji, kwenye matoleo matatu ya kupitishia maji. Moja linakwenda kwa Mzee Mbonea, moja kwa Bibi Namkunda, moja kwa mama yake Eliwaza. Ziba moja. Maji yake ni yako mpaka mavuno, na hakuna atakayekuuliza."

Naelijwa akaenda asubuhi, jembe begani. Ndiva ilikuwa imefunguliwa, na maji yalikuwa yanakuja yakisukuma majani makavu mbele yake. Akakata bonge la udongo lenye nyasi, zito, la kutosha kuziba toleo moja. Akasimama nalo mkononi.

Aliona mahindi ya mzee aliyemwambia kila mara, "Kesho ni yako, fungua." Aliona maharage ya bibi aliyemsaidia kumuogesha mama mkwe wake siku za mwisho. Kule chini aliona mboga za mama ambaye hakuwahi hata kuigusa kompyuta. Na nyuma ya hayo yote aliona tangawizi yake, imejikunja.

Maji yakafika miguuni pake. Hayakumsubiri.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, bonge la udongo liko mikononi mwenu sasa. Je, nani alistahili kutoa zamu yake? Ungeziba toleo la nani?