Maji Yaliyorudi Mwambani

Mtu mmoja, jina lake Hiza, alikuwa na mdogo wake wa pekee, Singano. Wazazi walipofariki waligawana mlima. Hiza akachukua juu, kijito kinakopita, na Singano akachukua chini, kijito kinapoporomoka mwambani. Hapo chini hapakukauka asubuhi wala mchana, kwa manyunyu ya maporomoko. Singano alilima magimbi, na jirani zake walikuwa vyura wadogo wa rangi ya dhahabu, wasiozidi ukucha wa kidole gumba, waliojificha katika majani laini yaliyofunika mawe. Waliishi hapo tu. Hata bonde la pili hawakuonekana.

Hiza alitaka kulima kabichi. Akachimba mfereji, akakigeuza kijito chote kiende shambani kwake. Singano alipanda kumwomba amwachie japo kidogo. Hiza hakuweka jembe chini. Alimwambia dunia ni pana, yeye na vyura wake watapata pengine pa kukaa. Singano akashuka. Magimbi yaliponyauka alifunga virago, akahamia tambarare.

Kabichi zilistawi. Lakini zamani, jua likielekea kuzama, Singano alikuwa akipanda kwake na magimbi ya kuchemsha, wanakula pamoja. Sasa Hiza alipika peke yake, akala, akaosha sahani yake moja, akaingia ndani mapema. Ndipo alipogundua kwamba bonde nalo lilikuwa kimya, vyura hawaiti tena.

Baadaye walikuja watu wanaochunguza wanyama. Wakaupekua mwamba, wakamwambia Hiza kwamba chura yule hajapata kuonekana mahali pengine popote duniani, na kwamba sasa watamhesabu miongoni mwa viumbe waliotoweka. Walipoondoka, Hiza akashuka mwenyewe. Majani ya mawe yalisagika mkononi kama ugoro. Katika ufa mmoja, palipobaki unyevu kidogo, alimkuta chura mmoja, amekonda, macho wazi.

Hiza alipanda mbio, akaufukia mfereji. Kabla ya jua kuzama kijito kilikuwa kinaporomoka tena, na manyunyu yakaufunika mwamba.

Kesho yake alivaa kanzu safi, akaenda tambarare kumwita mdogo wake. Singano alimpokea vizuri. Alimpa maji ya kunawa, akamtandikia mkeka, akamchinjia kuku. Hakumlaumu kwa neno lolote. Lakini Hiza alipomwambia kwamba maji yamerudi, na kwamba arudi nyumbani, Singano aliwatazama watoto wa jirani wakicheza vumbini.

"Kaka," akasema, "kiu ya kurudi kwetu iliniumiza sana, halafu ikaisha. Nimeshazoea huku."

Hiza akarudi peke yake. Alipita mwambani. Yule chura alikuwa ametoka ufani, amekaa juu ya jiwe lililolowa, anaita. Aliita, akanyamaza kama anayengoja kujibiwa, akaita tena. Mwamba mzima ulikuwa umelowa vizuri, kama ulivyokuwa zamani, na hapakuwa na wa kumjibu. Hiza akaketi karibu naye mpaka kanzu ikamganda mwilini.

Ndugu zangu, mfereji hufukiwa kwa siku moja; je, aliyehama kwa sababu ya mfereji huo utamrudisha kwa kazi ya siku ngapi?