Mlango wa Dungusi

Paukwa!
Pakawa.
Palikuwa na nchi?
Ikakauka.
Na maji yake?
Yakahama, hayakuaga.

Basi sogeeni, wajukuu zangu, na mwenye kiu akanywe sasa.

Hapo kale, mimea ilipokuwa ikitembea na kusema, katika nchi ya mchanga walikaa ndugu wawili: Mgomba, dada mtu, na Dungusi, mdogo wake. Wote walikuwa na majani mapana, na kila jani lilikuwa mlango. Kwao mgeni haulizwi atokako. Hupewa maji kwanza.

Mvua ikagoma. Jua likaja kwa Dungusi, likabisha hodi kwa sauti ya kizee. Akafungua, likanywa. Likaja kwa sauti ya mtoto. Akafungua, likanywa. Likaja kwa sauti ya dada yake. Akafungua, likanywa, likacheka, likaenda zake.

Dungusi akalia. Akang'oa majani yake, moja moja, ikabaki miiba na mlango mmoja mdogo. Akajipaka nta mwili mzima, na maji machache yaliyosalia akayaficha tumboni. Akaapa kuwa mchana hafungui, hata aje nani. Akamsihi dada yake naye afanye vivyo. Mgomba akamcheka, akamwambia amekuwa nungunungu, sasa nani atamposa? Yeye majani yake hang'oi. Wageni watapumzika kivuli gani?

Jua likahamia kwa nani? Mnajua wenyewe.

Mchana mmoja, hodi.

"Mdogo wangu, ni mimi. Fungua."

Dungusi akakaza mlango.

"Ni mimi, mdogo wangu. Funda moja tu."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, au sivyo?

"Ni mimi, Dungu. Niliyekubeba mgongoni."

Dungusi akajibu kwa ndani, "Jua wewe, sauti hiyo umekwisha kuitumia."

Hodi haikurudi tena.

Jua likazama. Dungusi akafungua. Mgomba amelala kizingitini, majani makavu, yanalia kwa upepo. Akammiminia maji mdomoni. Yakapita, yakaingia mchangani. Akammiminia tena. Mchangani.

Tangu siku ile huoni mgomba nchi kavu. Na Dungusi hatembei. Kasimama palepale, mchana kafunga, usiku kafungua. Ua lake huchanua gizani likimngoja dada, asubuhi linanyauka. Maji anayo tumboni. Wa kumpa hana.

Hadithi yangu imekauka hapa. Ikiwa tamu, imwagieni maji. Ikiwa chungu, ndivyo nilivyoipokea.