Uvimbe wa Nyuma ya Utando

Mwenda pole hajikwai. Methali hii haimsifu mvivu. Inamsifu mtu anayetazama pa kuweka mguu kabla hajauinua, hata wenzake wakimsukuma mgongoni.

Atabo aliuza maharagwe sokoni Kakuma. Ubavu wake wa kushoto ulikuwa umevimba hata leso ikawa haimtoshi. Mumewe, Lokorio, hakuwa na shaka. Turkana nani asiyeujua ugonjwa wa mbwa, ule unaoacha mfuko wa maji tumboni? Mamake mwenyewe alipasuliwa akapona. Sasa daktari wa upasuaji alikuwa Kakuma, na kesho yake angeondoka. Lokorio alihangaika kama mbuzi aliyenusa fisi.

Katika chumba cha picha cha hospitali walimkuta Sally, mpiga picha za ndani ya mwili. "Ejok, mama," alimsalimu Atabo, kisha akaipasha jeli moto viganjani mwake ili isimshtue kwa baridi. Akapitisha kifaa tumboni. Akamgeuza, akaangalia tena kupitia mgongoni.

"Dada, si useme tu!" Lokorio alifoka. "Ni maji ya mbwa. Hata kipofu anaona!"

"Huenda ni hayo, kaka. Mimi natafuta yamekaa wapi." Akawaonyesha kioo cha mashine. "Vuta pumzi, mama. Mnaona matumbo yanavyosogea? Uvimbe umetulia. Na figo limesukumwa mbele."

Akawaeleza kwamba tumbo lina utando, kama turubai lililotundikwa ndani ya nyumba. Matumbo yako mbele ya turubai. Figo na mishipa mikubwa ya damu viko nyuma, karibu na uti wa mgongo, na uvimbe ulikuwa huko nyuma. Umeshikana na nini, picha yake haikuonyesha. Mashine kubwa ya Lodwar ingeonyesha. Daktari wa upasuaji alipoitazama ile picha, naye alikataa kukata asichokiona.

"Kesho anaenda zake!" Lokorio alisema. "Mke wangu akifa, mtanipa picha nizike?"

Atabo alijifuta jasho. Maumivu yalikuwa yake, wala hakuwa na hamu ya safari. Akamgeukia mumewe. "Baba Erupe, ukitafuta ngamia usiku, unakimbia?"

"Usiku nakimbiaje? Nitavunjika mguu."

"Basi humu ndani ni usiku. Twende Lodwar."

Lodwar waligundua kwamba wagonjwa waliotangulia ni wengi. Atabo aligumia kitandani; Lokorio akazunguka ua wa hospitali mpaka vumbi likatimka. Mara mbili aliingia wodini kumbeba mkewe waondoke, na mara mbili Atabo alitikisa kichwa. Mama mmoja wa Kalokol, aliyekuwa akimuuguza babake, alimsogezea Lokorio mkeka kivulini na kumkatia kipande cha samaki.

"Keti, ndugu. Unatuongezea wagonjwa wa kizunguzungu."

Hatimaye picha ilipigwa. Daktari Ejore aliwaita. "Mzee, ulisema kweli. Ni ugonjwa wa mbwa."

Lokorio aliruka. "Si nilisema!"

"Ulisema. Sasa tazama. Mfuko uko nyuma ya utando, umeulalia mshipa mkubwa wa damu. Tungeingia kwa mbele bila kujua, huenda tungeupasua huo mfuko. Maji yake yangemwagika tumboni yakazaa mifuko mingine, au yangemuua palepale mezani."

Lokorio aliketi sakafuni bila kuambiwa.

Atabo alipewa dawa kwanza. Siku ya upasuaji ilipofika, madaktari waliingia kwa ubavuni, wakausukuma utando kando taratibu bila kuupasua, wakautoa ule mfuko ukiwa mzima kama yai.

Alipoamka na kuruhusiwa kula, aliomba uji. Lokorio alikileta kikombe kilichojaa hadi ukingoni, akivuka wodi kwa hatua fupi fupi, macho hayabanduki kwenye uji.

"Baba Erupe," Atabo alinong'ona, akijishika ubavu asicheke, "leo huna haraka?"

"Nyamaza, nitamwaga," alijibu, akazidi kupunguza mwendo.

Tone halikumwagika. Kweli, mwenda pole hajikwai.