Mchungwa wa Mghoi

Mwenye mti ng'ambo hachomi nyasi. Leo mmemsikia mwenyekiti wa chama akiwaambia hivyo wale wawili waliokunjana mashati mkutanoni, nanyi mkatikisa vichwa kama watu wazima. Nilipowauliza maana yake, mkanitumbulia macho! Haya, wajukuu zangu, sogeeni niwape asili yake, ila mikono yangu haisimami. Mishipi hii yote lazima iwe imeshonwa kabla ya sherehe ya Jumapili.

Chama chetu cha Mshipi Mweupe kilianzishwa na wapagazi wa vita ya Wazungu. Nusu yao walibebeshwa mizigo ya Waingereza, nusu ya Wajerumani, na vita ilipokwisha wakarudi kwao, pande mbili za mpaka, hapa kwenye nyanda za Ziwa Jipe. Walikuwa wamechoka kuzika watu. Wakaapa kuwa ndugu, na pale majeshi yalipopigana wakafungua Bustani ya Amani, nusu huku, nusu ng'ambo. Kanuni yake iliwachekesha wageni: kila ndugu apande mti wake katika nusu isiyo yake, wala asiende kuutazama mpaka yule anayeutunza amwite kula tunda la kwanza.

Baba yangu, Mwakio, alirithi mshipi wa babu. Dada yangu Mghoi alipofariki kwa homa, akiwa na miaka saba, baba alivuka na mche wa mchungwa wenye majani manne. Akaupanda ng'ambo kwa jina la Mghoi, akamkabidhi Senkondo, ndugu wa chama kutoka Upare. Mchungwa wa Senkondo nao ukawa huku kwetu, mikononi mwa baba. Jioni baba alikuwa akikaa mlangoni akitazama kusini, nasi tulijua anautazama mti asiouona. Mama alisema harufu ya maua ya mchungwa humjia usingizini, akaamka akitabasamu, kisha akakumbuka.

Mwaka wa sita kikaja kiangazi kikali, ziwa likarudi nyuma na kuacha matope yaliyopasuka. Ng'ombe wetu sita walivuka kufuata nyasi. Watu wa ng'ambo wakawafungia zizini, wakasema hawatoki hadi jumbe wao arudi safari. Waliporudishwa siku ya nne, ndama wawili walikuwa wamekufa kwa kiu. Tangu siku hiyo baba hakukanyaga bustani, hata kuumwagilia mchungwa wa Senkondo.

"Wamewanyima maji ndama wanaolia mbele yao," alimwambia mama. "Unadhani mti wa mwanangu wameupa?"

Mwezi haukuisha. Alfajiri moja, upepo mwepesi ukielekea kusini, baba alitia makaa kwenye kigae akaondoka. Alikusudia kungoja jua likaushe umande, kisha achome malisho yao yote. Njia ya moto aliijua: ungepita kwanza kwenye nusu ya bustani iliyo ng'ambo, kisha kwenye nyasi, kisha ungefika kwenye nyumba zao. Ukungu wa ziwa ulikuwa umetanda chini chini, vilele vya miti vikielea juu yake, na nguzo ya mpaka haikuonekana kabisa. Alituambia baadaye kwamba alitembea kama mtu anayeota, hasikii hata nyayo zake.

Ndani ya ukungu akasikia maji yakicheza ndani ya debe. Akatokea Senkondo, debe kichwani. Aliyaona makaa, akaelewa, akatua debe.

"Ndugu Mwakio, umeamkaje?"

Baba alikikaza kigae kwa mikono miwili.

"Habari ya ndama ninayo. Niliwasihi wale watu wawape maji, wakanifukuza pale zizini. Aibu hiyo ni yetu sote. Siwezi kukuzuia, una nguvu kunishinda. Ila ningojee nikachukue jembe, nimng'oe Mghoi kwanza."

"Umng'oe nani?"

"Mchungwa wake. Usije ukaunguzwa na moto wa baba yake."

Baba akamsogelea. "Upo?"

"Upo! Umekupita kimo. Umetoa maua juzi, kiangazi hiki hiki! Kanuni inanikataza kukuita kabla ya tunda, nami usingizi siupati kwa hamu ya kukwambia." Kisha akauliza, "Na wangu, haujambo?"

Baba, wajukuu zangu, akayatazama makaa yake. Na hapo upepo ukageuka, ukaleta kutoka kusini harufu ileile ya ndoto za mama.

Senkondo akainua debe ayamwagie makaa maji. Baba akamshika mkono.

"Usimwage," alisema. "Hayo ni ya Mghoi."

Akapiga magoti, akayazima makaa kwa udongo na viganja vyake vitupu.

Nyumbani mama alimpaka mafuta kwenye viganja vilivyoungua. Baba hakungoja kupona, siku hiyohiyo alibeba maji hadi kwenye mchungwa wa Senkondo, akaukuta umekauka upande mmoja. Ulipona, lakini hadi leo mnauona umeinama. Kila alipoupita, baba alivua kofia.

Mwaka uliofuata Senkondo alimwita. Baba alirudi na chungwa moja, akaligawa vipande, tukala sote mkekani, na kipande kimoja akakiweka mahali alipokuwa akikaa Mghoi. Jirani yetu mmoja, ambaye ndama wale walikuwa bado wanamuuma, akamuuliza, "Mwakio, hivi siku ile ulishindwa nini kuwachoma wale watu?"

Baba alivitazama viganja vyake, makovu yakiwa yamelowa maji ya chungwa.

"Mwenye mti ng'ambo," akasema, "hachomi nyasi."