Mtoto Aliyetolewa Kisimani

Hapo zamani, na msicheke, maana hii haina kicheko, mtoto wa mama mmoja, Wakesho, alitumbukia kisimani. Watu walikuwa mashambani. Waliosikia ni watatu tu: Mwadime na Mwandoe, wachimba visima, na Bibi Mghoi, mkandaji wa viungo.

Mwadime alijitosa. Maji yalikuwa baridi ya kuuma. Akamwinua mtoto juu ya kichwa, akamfunga kamba. Mabega yakamwaka moto, mapaja yakakaza, asimshushe.

Mwandoe alivuta. Wachimba visima huzungusha kamba kiunoni, kwa kuwa misuli ya mapaja ndiyo yenye nguvu. Mkono huchoka upesi. Lakini haraka ilimponza, akaizungusha mkononi. Akavuta, akavuta. Mtoto alipofika ukingoni, kano ya kiwiko ikakatika, msuli ukajikunja kuelekea begani, mkono ukaning'inia.

Mghoi alimpokea. Mtoto hapumui, moyo kimya. "Moyo nao ni msuli," akasema, "na msuli uliolala huamshwa." Akabonyeza kifua, akabonyeza, akampulizia pumzi, akabonyeza tena.

Mwadime akaita kutoka chini, "Nivuteni, miguu imekakamaa!"

Mwandoe akamtupia kamba tena, akavuta kwa mkono mmoja, akashindwa. "Bibi, nisaidie!" Mghoi hakuinua kichwa. Mtoto akakohoa. Kisimani kukawa kimya.

Desturi ya kijiji kile ni hii: anayemrudisha mtoto kutoka mautini huwa mzazi wake wa pili. Mtoto huhamia kwake, humlimia, na siku ikifika humzika. Huhamia nyumba moja tu, mtoto hagawanywi. Wakesho akawaita wote, akilia.

Mjane wa Mwadime akasema, "Marehemu hana mdomo, nasema mimi. Alimwinua mwanao mpaka misuli ikamwishia. Sina mtoto, na sasa sina mume."

Mwandoe akasema, "Mkono huu hautashika jembe tena. Nani atanilimia?"

"Ungejifunga kamba kiunoni, mume wangu angekuwa hapa!"

"Kweli, shemeji. Lakini ningekawia kujifunga, moyo wa mtoto usingeamka."

Mghoi akasema, "Mlitoa maiti kisimani, mimi nikampa Wakesho mtoto. Nilimsikia Mwadime, wanangu. Nilimsikia, nikachagua. Mzigo huo ni wangu, basi na mtoto awe wangu."

Wakesho akasimama, amemshika mwanawe mkono. Milango mitatu iko wazi, mtoto ni mmoja.

Je, ninyi mliokaa hapa, mngemwambia ampeleke wapi? Nani alistahili?