Balqis Arudi Kuimba Maskat

Balqis alizaliwa Wattaya, mjini Maskat, katika nyumba ambamo Kiarabu kilizungumzwa barazani na Kiswahili cha Unguja jikoni. Mungu alimjaalia sauti nyororo kama hariri, nayo ikampeleka Vienna kusomea uimbaji wa opera. Miaka ilipita. Kumbi za Ulaya zikajaa kwa ajili yake, na jina lake likavuma kama ngoma ya harusi.

Hata hivyo, mama yake, Bi Mahbuba, hakuwahi kumsikia jukwaani. Kila alipoalikwa alikataa.

"Nikikutazama kwenye simu nnakuona unalia tu, mwanangu," alimwambia. "Sijui nani kakuudhi."

Mwaka huu Balqis alialikwa kuimba Maskat kwa mara ya kwanza. Siku mbili kabla ya onyesho, mwimbaji mkuu wa tamasha moja la Milan aliugua ghafla, na wakala wa Balqis akampigia simu.

"Wanakutaka wewe. Nafasi kama hii haiji mara mbili. Maskat watasubiri."

"Maskat wamesubiri vya kutosha," Balqis alijibu kwa utulivu. "Milan watafutie mwingine."

Usiku wa onyesho aliimba Kitaliano kwa ustadi wote aliokuwa nao. Watu walipiga makofi ya adabu. Bi Mahbuba, aliyekubali kuja baada ya kubembelezwa na ukoo mzima, alikaa safu ya mbele, mikono ameikunja mapajani. Balqis, ambaye hakuwahi kuogopa hadhira yoyote, alimwogopa huyo mmoja.

Ndipo alipowaashiria wapiga ala wanyamaze. Akaimba peke yake wimbo wa Kiunguja ambao mama yake aliuimba kila alipokuna nazi. Aliuimba kwa sauti ileile ya opera, ikapaa hadi darini.

Bi Mahbuba akainuka. Akaelekea jukwaani kwa madaha, kama wafanyavyo wanawake kwenye taarabu. Mhudumu akamzuia kwa heshima.

"Samahani, mama, hairuhusiwi."

"Nnakwenda kumtunza mwanangu. Nipishe, baba."

Mhudumu akampisha. Bi Mahbuba akavua bangili yake ya dhahabu, akamvisha Balqis mkononi, kisha akambusu kwenye paji la uso. Ukumbi mzima ukasimama, vigelegele vikahanikiza, na kina mama wengine wakaanza kupanga foleni nyuma yake.

Ama kweli, mcheza kwao hutunzwa.